Mzee Asiye na Mvi

Jumamosi iliyopita nilitozwa faini ya shilingi elfu moja na mia tano, na kosa langu lilikuwa kujua kuandika.

Nieleze, maana jambo hili limenikaa kooni na nyumbani wameshachoka kunisikiliza. Hapa Ayivu, Arua nchini Uganda, mtu akivuka daraja la Pakwach amevaa tai, akirudi haachwi akae kama wenzake. Anafanywa katibu. Mimi nilivuka Pakwach, nikavuka Karuma, nikavuka na mpaka, nikakaa miaka miwili nchi za watu nikihubiri. Basi siku niliyorudi nilipewa daftari kabla sijapewa maji ya kunawa. Kamati ya mazishi, katibu. Kamati ya kisima cha pampu, katibu. Kamati ya mazishi ya pili, kwa sababu ile ya kwanza ilikwisha bila watu kupigana, katibu na mweka hazina. Arua ilipofanywa jiji, Julai 2020, nasi Ayivu tukawa divisheni moja ya jiji hilo na mjini kati ikawa nyingine, nilijipa moyo kwamba sasa watakuja makatibu wa kijiji… samahani, wa jiji. Wapi! Jiji lilifika likaishia kwenye vibao. Mihogo iko palepale, na katibu ni yuleyule.

"Huyu amefundishwa uongozi na Wamomoni," shangazi huwaambia watu, kwa sauti ileile ya kusema fulani amefundishwa cherehani. Hakuna anayeuliza nilimwongoza nani huko. Niliwaongoza vijana saba kwa miezi minne, na watatu kati yao walikuwa wakinizidi akili.

Kwetu tumezoea kupokea wamisionari. Wale wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918 wakakaa Mvara, Wakatoliki nao wakajenga Ediofe, na tangu hapo kila ukoo una watu wake wa Mvara na watu wake wa Ediofe, bila kuwasahau wa msikitini, ambao walikuwepo kabla ya wote. Kupokea tunajua. Kumtoa kijana wetu aende kuwahubiria wengine, tena kwa kanisa ambalo mama hakuwahi kulisikia, hilo lilimfanya mjomba aniite pembeni aniulize polepole kama nimekosana na mtu. Kanisa lenyewe nililikuta Jinja, nilikokwenda kutafuta kibarua. Linaitwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ukilitaja jina lote ukiwa juu ya boda, unafika kabla hujamaliza. Nikalifupisha: Wamomoni. Mama akauliza kama hilo ni kabila la Kongo.

Barua ya wito ilikuja 2014 ikasema misheni ya Nairobi. Siku zile misheni hiyo ilibeba na Tanzania mgongoni; Tanzania ilipata yake mwaka 2020. Ndiyo maana mimi niliyeitwa Nairobi nilijikuta nimetua Dar es Salaam, shati jeupe, tai shingoni, jasho limenilowesha kama mtu aliyetoka kubatizwa sasa hivi.

Kiswahili nilikuwa nacho, au nilidhani. Kiswahili chetu cha Arua tulikirithi kwa wanajeshi, tukakisugua sokoni, huku kwetu na kule Ariwara ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Ni Kiswahili cha kuuzia na cha kukimbilia. Ngeli hazikupata nafasi kwenye mzigo. Siku ya kwanza nikaambiwa kwamba posho itaingia kila mwezi. Nikafurahi. Kwetu Uganda posho ni ugali. Nikamuuliza kiongozi wangu, kwa heshima zote, kama hiyo posho itakuja imepikwa au itakuja unga. Akanitazama kitambo.

"Ni pesa, Mzee," akasema. "Ya matumizi."

Mzee! Hilo nalo. Marekani vijana hawa wanaitwa Elder, na waliotafsiri wakaona neno la Kiswahili lipo, tena fupi. Kijana wa kiume anaruhusiwa kwenda misheni akiwa na miaka 18, na akishaanza anapachikwa beji kifuani: Mzee Fulani. Mimi nilikuwa na 20, ndevu zangu zote hazijazi kijiko. Na majina yetu ya Kilugbara hayafichi mambo ya nyumbani. Mtu anaitwa Drani kwa sababu alizaliwa kifo kikiwa mlangoni, mwingine anaitwa Candia kwa sababu alikuta dhiki. Langu liko katika kundi la dhiki. Kwa hiyo nilizunguka Temeke nzima na beji ambayo, kwa anayejua, ilisomeka Mzee Dhiki. Watoto waliniamkia shikamoo kwa ajili ya tai. Wazee wa kijiwe cha kahawa waliisoma beji wakacheka mpaka kashata zikawapalia.

"Mzee wa nani wewe? Mvi ziko wapi?"

Na kesi ya kijiweni huimalizi kwa maneno, unaimaliza kwa kuketi na kupokea kikombe. Kahawa katika kanisa letu ni mwiko, chai pia. Ukishaikataa kahawa ya mzee wa Temeke, halafu ukamwomba dakika kumi umweleze habari za milele, umeanza biashara na deni.

Vyeo sasa. Juu yetu alikuwepo kiongozi wa wilaya, juu yake viongozi wa kanda, na juu kabisa rais wa misheni. Wilaya ya kimisionari ina watu wanane hivi. Nchini mwangu wilaya zimekatwakatwa mpaka zimepita 130, lakini hata sisi hatujathubutu kuunda ya watu wanane. Huyo rais je? Anakaa miaka mitatu, kisha anafungasha anarudi kwao, anakuja mwingine. Nilipoambiwa hivyo niliomba warudie. Mimi nimezaliwa 1994 nikakuta rais yupo tangu 1986, nimekwenda misheni nimemwacha, nimerudi nimemkuta. Rais wa miaka mitatu nilimwona kama mgeni wa arusi: mheshimu, lakini usimzoee.

Haya ya vyeo yanapita. Lililoninyima usingizi ni mwenza.

Mmisionari hatembei peke yake. Mnakuwa wawili wawili, mkipangwa na ofisi, hamchaguani. Mnalala chumba kimoja, mnaamka saa kumi na mbili na nusu, mnasoma pamoja, mnapanga siku, mnatoka, mnarudi, taa inazimwa saa nne na nusu usiku. Faragha iko chooni, na huko nako ukikawia mtu anabisha hodi kuuliza kama u salama. Mimi nimekulia boma la watu 19, nilidhani kubanana nakujua. Sikukujua. Boma la watu 19, kila mmoja anatazamwa kidogo kidogo. Mwenza hana mwingine wa kumtazama.

Wangu wa tatu alitoka Utah, mrefu kama nguzo ya simu, Kiswahili chake chote amekitoa kitabuni. Aibu ikawa kwamba ngeli alizijua kuliko mimi. Nikisema mbele ya watu "kitabu yangu", yeye anangoja tufike kona ndipo ananong'ona: "Changu." Mzungu! Ananisahihisha Kiswahili, mimi Mwafrika, katikati ya Tandika. Tena kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa ukinichoma.

Kila Jumapili usiku ilikuwa hesabu. Mmefundisha watu wangapi, wapya wangapi, wangapi walikuja ibadani, nani ana tarehe ya ubatizo. Nilipokuwa kiongozi wa wilaya wenzangu walinipigia, nikajumlisha, nikampigia wa kanda, naye akajumlisha akapeleka juu. Sasa ikaja wiki moja ya masika. Maji yalijaa mitaani, mwenza aliharisha siku tatu, tukakaa ndani tukitazamana kama kuku wa mvua. Wiki nzima tulifundisha watu sita. Wilaya ya jirani, nilishasikia, mtu na mwenzake tu walikuwa na ishirini na kitu. Nikashika simu, nikatazama ukutani, nikasema:

"Kumi na wanne."

Lilitoka laini kama mbegu ya ndimu. Upande wa pili akasema, "Safi sana, Mzee," simu ikakatwa.

Mwenza alikuwa amekaa kitandani anashona kifungo cha shati. Hakuinua kichwa. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, akaniuliza, ngeli zote zikiwa mahali pake:

"Wale wanane ni akina nani? Nataka kuwaombea, sina majina yao."

Nilipandwa na hasira ambayo hadi leo sijui niliitoa wapi. Nikamwambia yeye hajui uongozi. Nikamwambia kuna vijana wananitegemea, na wilaya ikionekana imeshuka watavunjika moyo. Nilizungumza dakika kumi nzima, na yote niliyosema yalikuwa kweli, isipokuwa lile lililonifanya niseme yote hayo. Aliponiona nimeishiwa pumzi, akapiga magoti kando ya kitanda akaanza sala yake ya usiku. Akawataja wale sita mmoja mmoja kwa majina: yule wa mashine ya kusaga, yule binti na mama yake, wote. Kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, nami nikajua amefika kwa wale wanane.

Nikachukua simu. Wa kanda hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema tu, "Asante, nitarekebisha," nikasikia kalamu ikikwaruza.

Tangu usiku ule nina neno langu, na nimelisema katika kila kamati ya hapa Ayivu hata wakaanza kunificha saa ya mkutano. Hesabu inayopandishwa juu inanenepeshwa njiani, kwa kuwa anayeipokea hakuwepo. Anayeijua hesabu yuko kitandani anashona kifungo, naye hapigiwi simu. Ukitaka kujua pesa ya mazishi ilikwenda wapi usimuulize mwenyekiti. Muulize aliyebeba sufuria.

Kulikuwa na hesabu nyingine huko Dar ambayo sikuwa nimejiandaa nayo hata kidogo. Tuligonga mlango mmoja Mbagala, akatoka mzee, mzee wa kweli, mwenye mvi zake, redio mkononi.

"Unatoka wapi wewe?"

"Uganda, babu."

"Uganda ipi?"

"Arua."

Akaizima redio. "Arua nimefika," akasema. "Kwa miguu."

Alikuwa askari wa Tanzania katika vita vya Kagera. Wao walianza 1978 kule mpakani kwao, na mapema Juni 1979 walikuwa wameshapita kwetu wamefika mpaka wa Sudan. Tanzania wanamwita Amin nduli, na nduli huyo tunamhesabu kuwa mtu wa Koboko, kilomita hamsini na kitu kutoka hapa nilipokaa ninapoandika. Mzee akanitazama kama amempata mtu aliyekuwa akimtafuta kwa miaka 36.

"Ninyi mlikuwa wapi wakati anafanya yale?"

"Babu, sikuwa nimezaliwa."

"Baba yako alikuwa amezaliwa."

Nikamgeukia mwenza anisaidie. Yeye, ambaye watu wa kwao Utah hawajawahi kuivamia Kagera, alikuwa akisoma viatu vyake. Nilitaka kumwambia mzee kwamba na sisi tuna daftari letu. Kwamba baada ya vita watu wa Arua walitawanyika Kongo na Sudan na mikeka kichwani. Kwamba Juni 1981 pale Ombaci, hapa hapa Ayivu, watu waliokimbilia misheni ya Wakatoliki walifuatwa na askari wakauawa humohumo. Sikusema. Nilimwambia, "Pole, babu." Akaisoma beji yangu, "Mzee," akatikisa kichwa, akamwita mkewe alete maji.

Wiki iliyofuata alituita mwenyewe, na iliyofuata tena. Hakubatizwa kamwe, na katika hesabu ya Jumapili alinisumbua sana maana hakuwa na safu ya kumtia. Hakutaka Kitabu cha Mormoni. Alitaka mtu wa Arua wa kumsimulia njia aliyopita, kwa sababu nyumbani kwake walishachoka kumsikiliza. Aliniuliza kama miembe yetu bado inazaa vile.

Halafu kuna uhamisho, kila wiki sita. Nimekwishazoea uongozi wa wilaya, nimejifunza kukohoa kabla ya kusema, simu inalia: unakwenda Mwanza. Kuwa nani? Kuwa mwenza. Wa nani? Wa kijana aliyefika misheni nyuma yangu, ambaye ndiye kiongozi. Sikuwa nimeiba. Sikuwa nimekosa, hata ile kumi na nne ilishasamehewa. Zamu imekwisha, basi. Nikafungasha, mwenza wa Utah akanisaidia kufunga zipu ya begi kwa kulikalia.

Siku zile simu ya nyumbani ilikuwa mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Ruhusa ya kupiga kila wiki ilikuja Februari 2019, mimi nimeshamaliza kuteseka. Krismasi nikamweleza mama kwamba nilikuwa kiongozi na sasa siye.

"Nani amekula kiti chako?" akauliza.

"Hakuna aliyekula, mama. Wanabadilishana."

Kimya. Nikasikia akimwambia mtu pembeni, "Wamemfukuza, anaona haya kusema."

Na ungemweleza vipi? Mwaka 2016 nilirudi nikakuta wenyeviti wa vijiji, LC1, nchi nzima wangali ni walewale waliochaguliwa 2001. Uchaguzi wao haukuitishwa mpaka tarehe 10 Julai 2018, miaka 17 kwa kiti kilichokusudiwa kukaliwa mitano. Wengine walizeeka kitini, wengine wakafia humo. Siku yenyewe ilipofika hakukuwa na sanduku la kura. Tulipanga mstari nyuma ya mgombea, mchana kweupe, kama tunakwenda kuteka maji. Shangazi alikuwa mstari wa pili. Alinitazama, akautazama mstari wangu, akanitazama tena. Miezi mitatu alinipakulia mboga bila nyama.

Sasa turudi kwenye faini.

Bokisi letu la akiba lina watu 28, wanaume ni wanne na mimi ndani. Mtindo huu wa kuweka akiba sandukuni ulianzishwa na shirika la CARE kule Niger mwaka 1991, miongoni mwa akina mama wa vijijini ambao wengi hawakusoma. Ningelijua hilo mapema ningekaa mbali, maana mtindo uliotungwa kwa wasiosoma hauna huruma kwa aliyesoma. Sanduku ni la bati, lina kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na sanduku linalala kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo hata mmoja. Tunakutana Jumamosi chini ya mwembe wa shangazi. Mtu ananunua hisa, moja mpaka tano, anapigiwa muhuri kwenye kijitabu chake, muhuri mmoja kwa kila hisa. Ukichelewa, mia tano. Simu ikilia, mia tano. Ukimkatiza mwenzako maneno, mia tano, ingawa hiyo ikishikiliwa sawasawa shangazi atakuwa amefilisika kufikia Pasaka.

Niliponyakuliwa kuwa katibu niliwaandalia ripoti. Nilikesha nikiichora kwa kalamu mbili: safu ya malengo, safu ya yaliyofikiwa, safu ya asilimia, sawasawa na tulivyokuwa tukifanya Dar. Shangazi aliipokea, akaigeuza juu chini, akaniuliza kama ni ramani ya barabara mpya.

"Ni uwajibikaji, shangazi."

"Aa," akasema. Akaitandika juu ya mzizi wa mwembe, akaikalia.

Wao wana yao. Mkutano ukiisha, kabla kufuli hazijabanwa, mwenyekiti anataja salio kwa sauti, na watu wote wanalirudia kama watoto wa darasa la kwanza. Wanakwenda nalo nyumbani kichwani, pamoja na kuni na watoto. Jumamosi inayofuata, sanduku likiwa bado limefungwa, wanaulizwa: tuliacha kiasi gani? Wanaitikia. Ndipo linafunguliwa na pesa inahesabiwa kwenye sinia, macho ya watu 28 yakiwa juu ya mikono miwili.

Jumamosi iliyopita mwenyekiti alikuwa msibani. Shangazi akaniamuru nisome mimi. Nikafungua daftari, nikakohoa.

"Milioni moja, laki mbili, themanini na nne elfu, na mia tano."

Kimya. Mbuzi alitafuna ganda la muhogo tukalisikia. Kisha mama mmoja anayeuza angara sokoni, wale samaki wakavu wa kwetu, akasema bila kuniangalia, "Sita."

"Sita nini, mama?"

"Themanini na sita elfu. Mia tano haipo."

"Themanini na sita," wakaitikia wengine.

Nikacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefika Mwanza. "Akina mama," nikasema, "imeandikwa."

Wakafungua. Wakahesabu kwenye sinia, noti juu ya noti, sarafu mwisho. 1,286,000. Wakahesabu tena kwa heshima yangu. Ni ileile. Nikalirudia daftari mstari kwa mstari, jasho la Dar es Salaam likanirudia lote, na nikaliona kosa. Wiki iliyotangulia watu watatu walichelewa, wakatoa mia tano tano, nami sikuandika. Mmoja wa hao watatu nilikuwa mimi.

"Amesahau yake!" akasema mama wa angara, na mwembe mzima ukacheka. Wanaume wenzangu watatu walicheka kuliko wanawake.

Nikajitetea. Nikasema hakuna hata senti iliyopotea, pesa yote iko kwenye sinia, kosa ni la wino.

"Haikupotea," shangazi akasema, "kwa sababu hatukukutegemea."

Hukumu ikawa nilipe kile kile nilichokisahau, elfu moja na mia tano. Nikachukua kalamu niiandike mara moja, angalau nionekane nina bidii. Shangazi akaweka mkono juu ya daftari.

"Usiandike. Simama useme."

Nikasimama, mtu mzima, mhubiri wa nchi mbili ukihesabu na kwetu, nikasema mbele ya watu na mbuzi kwamba nadaiwa elfu moja na mia tano. Wakairudia. Mfukoni nilikuwa na noti moja ya elfu. Nikaitoa. "Mia tano," shangazi akatangaza. "Mia tano," wakaitikia, wakafunga kufuli tatu, wakaondoka nayo vichwani.

Usiku nikamtumia mwenza wa Utah sauti kwenye WhatsApp. Siku hizi ana watoto watatu na upara. Nikamlalamikia yote, dakika nne nzima, nikamalizia kwamba watu hawa wamenidhalilisha kwa pesa yangu mwenyewe. Akajibu kwa kucheka, akacheka tena, kisha akasema: "Pesa zangu. Na hiyo mia tano, umeshalipa?"

Sijalipa. Nilikusudia kuilipa kimya kimya Jumamosi hii. Lakini Jumatatu nilikuwa na shughuli soko kuu la Arua, na njia ya mahali pa mbegu inapita kwa samaki. Mama wa angara alikuwa pale nyuma ya rundo lake. Nikaona niwahi kwa adabu.

"Mi ngoni?" nikamsalimu.

Hakuitikia muke. "Mia tano," akasema.

Nikamwambia Jumamosi, mama, bila shaka. Akaendelea kupanga samaki wake. Meza ya pili yake, mwanamke wa nyanya ambaye simjui, ambaye wala hayumo kwenye bokisi letu, akainua kichwa akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Ndiye huyu?"